"Hapana" ya kapiteni, na mikono ya watu wa pompi

Mu kila ekipi ya kazi kuko mutu mwenye kupenda kusema: "Siye hatushindwake." Maji ikipanda mu shimo, mushahara ukichelewa, mawe ikianza kulia juu ya kichwa, njo yeye anasimama na kusema vile. Wengine wanapiga mikono. Kiisha kila mutu anarudi ku kazi yake, na ni mara chache kusikia mutu akiuliza: hilo neno, nani atalilipa?

Leo tunataka kuzungumuza juu ya mutu mwenye alisema neno la namna ile, na likasikilika dunia nzima. Hakuwa muchimbaji. Alikuwa kapiteni wa meli ya vita, jina lake John Paul Jones. Vita yake ilikuwa ile yenye Wamarekani walipigana na Uingereza ili wapate uhuru, kuanzia 1775 mupaka 1783. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1779, meli yake ikiwa imetobolewa na mizinga, ikiwaka moto na kujaa maji, adui alimuuliza kama anajitoa. Alijibu kwamba hajaanza bado kupigana.

Watu wanasifu hilo jibu tangu zamani. Sisi pia tunalisifu. Lakini tunaona kama wengi wanalisifu nusu tu. Wanamutazama mutu mwenye alisimama juu, wanasahau wale wenye walikuwa chini. Na sisi jamaa za watu wa migodi, ni sisi njo tunapaswa kuwa wa kwanza kuuliza habari ya wale wa chini.

Mutoto wa mutunza bustani

John Paul alizaliwa 1747 kule Scotland. Baba yake alikuwa anatunza bustani ya tajiri mumoja. Kijana hakuachiwa shamba wala jina kubwa. Alipokuwa na miaka 13 alitiwa ku kazi ya bahari katika muji wa Whitehaven, Uingereza, na akajifunza meli kama vile watoto wetu wengi walijifunza shimo: kwa kutazama wakubwa, kwa kukemewa, na kwa kuumia. Lile jina la Jones hakuzaliwa nalo. Aliliongeza yeye mwenyewe kiisha kukua.

Tusimufanye kuwa malaika. Akiwa kijana wa miaka 17 alifanya kazi kwenye meli yenye kubeba watumwa kutoka Afrika. Aliacha hiyo biashara 1768, na alisema ni kitu cha kuchukiza, lakini aliifanya. Tena, 1773, kwenye kisiwa cha Tobago, watu wa meli yake walidai mushahara wao. Yeye alitaka kwanza feza itumike kununua mizigo. Ugomvi uliwaka, na akaua mumoja wao kwa upanga. Alisema alikuwa anajitetea. Rafiki zake walimushauri akimbie, akakimbilia Amerika, na ni pale njo jina la Jones lilitokea.

Tunasema hiyo mambo mapema kwa sababu. Mutu anaweza kuwa jasiri kabisa mbele ya adui, na bado akawa mugumu mbele ya mutu wake mwenyewe mwenye kumuomba mushahara. Kwetu watu wanajua ile aina ya mukubwa. Hatuna lazima ya kuwafasiria.

Meli ya zamani, meli ya mupya

Mwezi wa Desemba 1775, Wamarekani walipokuwa wanaanza kujitengenezea jeshi la bahari, walimuandika kuwa ofisa. 1778 alipeleka vita mupaka kwenye pwani ya Uingereza yenyewe. Alishuka hata Whitehaven, ule muji wenye alijifunzia kazi. Mwaka wenye ulifuata, Ufaransa, yenye ilikuwa rafiki ya Wamarekani, ilimupatia meli.

Haikuwa meli ya mupya. Iliitwa Duc de Duras, na ilikuwa imefanya biashara ya kwenda Asia mupaka ikachoka. Jones aliibadilisha jina, akaiita Bonhomme Richard. Alifanya vile kwa heshima ya Benjamin Franklin, mujumbe wa Wamarekani kule Paris, juu Franklin alikuwa ametoa kalendari yenye mashauri ya mutu mumoja aliyeitwa Richard Masikini, na Wafaransa walimuita huyo Richard vile: Bonhomme Richard.

Ndani ya hiyo meli mulikuwa watu wa kila fasi: Wamarekani, Wafaransa, Waingereza, Waayalandi, Wareno, na wengine tena. Wamoja walikuwa wametoka mu gereza za Waingereza. Mwenye ameishi mu kambi ya migodi anaijua hiyo picha. Watu wa luga mingi, hawakuchaguana, kila mumoja na sababu yake ya kukubali kazi. Lakini wakiisha kushuka, wote wanatumainia kamba moja.

Ule usiku wa Septemba, karibu na fasi yenye kuitwa Flamborough Head, kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza, Jones alikuta meli za biashara zaidi ya 40 zikitoka bahari ya Baltiki. Zilikuwa zinalindwa na meli mbili za vita. Ile kubwa iliitwa Serapis, na kapiteni wake alikuwa Richard Pearson. Ilikuwa meli ya mupya kabisa, yenye nguvu ya mizinga kupita ya Jones. Na tuseme kitu chenye watu wa kwetu watafurahi kusikia: chini yake ilikuwa imevikwa shaba. Wakati ule Waingereza walikuwa wanaanza kufunika meli zao za vita kwa mabati ya shaba, ili wadudu wa bahari wasikule mbao na meli ikimbie muzuri. Hata katika vita ya watu wa mbali, shaba ilikuwa na kazi yake.

Mizinga ilianza kulia karibu saa moja ya magaribi. Na mara moja Bonhomme Richard ilipata hasara yenye haikutoka kwa adui. Ndani kule chini mulikuwa mizinga sita mikubwa, ya zamani, yenye kutupa chuma cha kilo nane hivi. Mbili kati yake zilipasuka zenyewe, zikaua watu wenye walikuwa wanazitumikisha. Zile zingine zikaachwa, juu hakuna mwenye alizitumainia tena.

Tusimame hapa kidogo. Wale watu hawakuuawa na Muingereza. Waliuawa na chombo cha kazi chenye kilikuwa kimezeeka, chenye walipewa na wakubwa, na chenye hawakuwa na ruhusa ya kukataa. Mu historia ya ile vita wanapata mustari mumoja tu. Katika kambi zetu kuko wajane wenye wanajua uzito wa huo mustari.

"Sijaanza bado"

Jones aliona haraka kwamba akibaki mbali, mizinga ya Serapis itamumaliza. Kwa hiyo alifanya kitu chenye kinahitaji roho nguvu: alisogea. Meli mbili ziligusana, na watu wake wakazifunga pamoja kwa kamba, hata yeye mwenyewe akasaidia kufunga. Tangu pale zilipigana zikiwa zimeshikamana, ubavu kwa ubavu, midomo ya mizinga ikikaribia kugusa mbao za meli ingine.

Ni katika ile hali njo Pearson aliuliza kama wanajitoa. Wenye kuandika historia hawapatane ni saa gani kabisa jibu lilitoka. Wengine wanasema mwanzoni, wengine wanasema katikati ya mauti. Yale maneno yenye watu wanajua leo yalitoka kwa Richard Dale, ofisa wa Jones, na yalitiwa mu kitabu 1825, miaka 46 kiisha vita. Jones mwenyewe, katika barua yenye alimuandikia Franklin siku kumi kiisha vita, hakuyaandika. Kwa hiyo tunaweza kuulizana kama maneno yalikuwa yale yale. Lakini kwamba alikataa, hakuna mwenye anakana. Ile "hapana" yake ilisikilika.

Na alikataa akiwa fasi gani? Hiki njo kitu cha kwanza chenye tunataka kushika. Alikuwa wazi, juu ya meli, kati ya watu wake. Mizinga yake karibu yote ilikuwa imenyamaza. Kulibaki mizinga midogo miwili hivi kule juu, na mutu mwenye alikuwa anaisimamia alipigwa ku kichwa. Jones alichukua fasi yake. Aliita watu wachache, wakasukuma mzinga mwingine kutoka upande wa pili, na yeye mwenyewe akatia mikono. "Hapana" yake haikutoka mu biro. Ilitoka mu moshi.

Sisi tunaona kwamba hapa njo kuko tofauti kubwa. Mukubwa mwenye kusema "tuendelee" akiwa na kofia ya chuma ku kichwa, mu shimo moja na wewe, ni mutu mumoja. Mukubwa mwenye kusema "muendelee" kwa simu, akiwa amekaa mbele ya chai, ni mutu mwingine, hata kama maneno yao yanafanana.

Nani alivuta maji?

Lakini neno la kapiteni halikuzuia maji hata tone moja. Mizinga ya Serapis ilikuwa imefungua mbavu za Bonhomme Richard, na maji ilikuwa inapanda ndani. Bunduki za watu wenye walipanda juu ya miti ya tanga zilikuwa zinashinda; ni kweli, walikuwa wamefagia juu ya Serapis mupaka Waingereza wengi wakakimbilia ndani. Ila mushindi wa juu akizama chini, ameshinda nini?

Watu wa chini waliona hiyo maji, wakapanda na kusema. Musimamizi wa mizinga, akifikiri kwamba kapiteni amekufa na meli inazama, alikimbia ili ashushe bendera, na aliposhindwa kuiona, juu ilikuwa imeisha kuanguka, alipaza sauti kuomba rehema kwa Waingereza. Jones alimutupia bastola zake na kumuangusha.

Vitabu vingi vinamucheka yule mutu kama muoga. Sisi hatumucheke. Alikosea juu ya kapiteni, juu kapiteni alikuwa muzima. Lakini juu ya meli, alisema kweli: ilikuwa inazama. Na ilizama kweli, kama vile tutaona. Pengine kama angeshusha bendera ile saa vita ingepotea, na tunafahamu kwa nini kapiteni alikasirika. Ila tunataka watoto wetu wajue kwamba mutu mwenye kusema "maji imepanda" si adui. Mara mingi ni yeye peke yake mwenye ametazama chini.

Saa ile ile kulitokea jambo lingine. Chini ya meli mulifungwa watu zaidi ya 100, Waingereza wenye Jones alikuwa amewakamata kwenye meli zingine siku za mbele. Ofisa mwenye kuwalinda aliona maji, akawafungulia mulango ili wasikufe kama panya. Wakatoka. Wangeweza kunyanganya meli. Walikuwa wengi, na watu wa Jones walikuwa wamechoka na wengi wameanguka. Mumoja wao alirukia ku Serapis na kumuambia Pearson avumilie kidogo tu, juu ile meli ingine iko karibu kuzama.

Wale wengine, Dale aliwapeleka ku pompi. Wakavuta. Wafungwa, wenye hawakuwa na deni lolote kwa uhuru wa Marekani, walivuta maji ule usiku ndani ya meli ya adui wao, juu kama meli inazama, wote wanazama. Njo ile mikono iliacha Bonhomme Richard isimame kwa muda wenye ulihitajika. Bila pompi, jibu la kapiteni lingekuwa neno la mwisho la mutu mwenye alizama.

Mambo yaliamuliwa karibu saa ine ya usiku. Mutu mumoja wa Scotland, William Hamilton, alitambaa juu ya muti wa tanga mupaka akawa juu ya Serapis, akiwa na kikapu cha bomu za mukono. Bomu moja iliingia kwenye tundu la kushukia, ikaanguka kati ya baruti zenye zilikuwa zimelazwa chini, na moto ukakimbia ndani ya meli. Watu wengi walikufa ao kuungua. Kiisha kidogo Pearson alijitoa. Bendera yake aliipigilia misumari ku muti ili isishuke, na alipaswa kuichana kwa mukono wake mwenyewe.

Jones mwenyewe, katika ile barua kwa Franklin, aliandika kwamba mutu asiyeona kwa macho yake hawezi kufahamu vile uharibifu ulikuwa, na kwamba roho ya mutu inarudi nyuma mbele ya mambo kama yale. Karibu nusu ya watu wake walikuwa wamekufa ao kuumia. Hakuandika kama mutu wa kujivuna.

Meli ilizama, kapiteni alishuka

Siku yenye ilifuata walivuta maji tena, mangaribi na asubui. Haikusaidia. Waliojeruhiwa walihamishiwa ku Serapis, kiisha watu wengine, kiisha Jones naye. Tarehe 25 Septemba, Bonhomme Richard ilizama.

Hapa njo kuko fundisho lenye watu wanasahau zaidi. Mutu yule yule mwenye alikataa kujitoa, alikubali kuacha meli. Hakusema: "Nilisema sishindwe, basi tutakufa hapa." Kujitoa kwa adui ni kitu kimoja. Kuachilia shimo lenye linaanguka ni kitu kingine. Mwenye kuchanganya hizo mbili anaita kifo cha wengine kuwa ni ujasiri wake. Jones alishinda vita, akapoteza meli, na akaokoa wenye walibaki. Alihama na meli ya adui wake mupaka Uholanzi.

Na Pearson? Kwao hawakumuzomea. Mufalme wa Uingereza alimupandisha cheo cha heshima. Kwa nini, yeye mwenye alishindwa? Juu kazi yenye alitumwa aliimaliza: wakati alikuwa anapigana, zile meli za biashara zote ziliponyoka. Alijua anapigania nini. Ilipoisha kupatikana, na watu wake wanateketea, aliona kwamba hakuna sababu ya kuwaua zaidi. Sisi tunasema: kuko "ndiyo" yenye kuwa na heshima sawa na "hapana". Katika mugomo, katika mazungumuzo na wakubwa, katika shimo, mutu ajiulize kwanza: tulikuja kutafuta nini hapa, na tumeisha kukipata ao hapana?

Deni la watu wa pompi

Sasa tufike kwa feza, juu habari yoyote ya kazi inaishia pale.

Zamani zile, watu wa meli ya vita walikuwa wanapata sehemu ya feza ya meli zenye walikamata. Njo ahadi yenye iliwaleta. Lakini Serapis ilikamatwa 1779, na mu 1780 watu wa meli ingine ya kundi la Jones, yenye kuitwa Alliance, walikuwa Lorient, Ufaransa, wakilalamika kwamba hawajapata mushahara wala sehemu yao. Hasira ile ilimusaidia kapiteni wao wa zamani, Pierre Landais, kunyanganya meli na kuondoka nayo. Landais huyu, usiku wa vita, mizinga yake ilikuwa imepiga hata meli ya Jones na kuua watu wa upande wake mwenyewe. Hata vile, watu walimufuata. Munaona? Mutu mwenye hajalipwa anaweza kumufuata hata yule mwenye alimupiga mizinga, akimuahidi kwamba atadai haki yake.

1783, vita ikiwa imeisha, Wamarekani walimutuma Jones Paris ili aende kudai ile feza ya watu wake. Miaka ine ilikuwa imepita. Kazi ya kudai ilichukua miaka mingine tena. Tumutolee Jones heshima yake hapa: yule mwenye 1773 alimuua mutu katika ugomvi wa mushahara, sasa alikuwa anatembea kwenye milango ya wakubwa wa Ufaransa akibeba makaratasi ya mishahara ya wengine. Pengine mutu anaweza kujifunza. Lakini mutu wa pompi mwenye alipoteza mukono 1779, mu hiyo miaka yote alikula nini? Muke wake alimuambia nini mwenye nyumba?

Kwetu wamama njo wanajua hesabu ya namna ile. Sifa ya baba haiingie mu sufuria. Wakati gazeti linaandika kwamba kazi ilienda muzuri na shaba ilitoka mingi, mama anatazama tarehe ya mwezi.

Walimutafuta kwa sululu

Jones alikufa Paris 1792, akiwa na miaka 45, peke yake mu chumba cha kupanga. Alizikwa mu makaburi ya Waprotestanti, na kiisha muji ukajenga juu yake. Zaidi ya miaka 100 ilipita. Mu 1905, balozi wa Marekani kule Paris, Horace Porter, alitaka kumupata. Na alipata namna gani? Aliita watu wa kazi ya chini. Injinia wa migodi, Paul Weiss, alisimamia. Walichimba mashimo kwenda chini, wakafungua galeri chini ya nyumba za watu, wakatia miti ya kushikilia ili juu isianguke, mupaka wakafika kwenye sanduku la risasi lenye maiti yake ilikuwa ndani.

Wamarekani walimupeleka kwao kwa meli za vita, na leo analala Annapolis, kwenye shule ya maofisa wa bahari, ndani ya kaburi la marumaru. Kaburi ni moja, jina ni moja. Watu wa pompi hawako pale. Wale wenye mizinga iliwapasukia hawako pale. Hata wale wachimbaji wa Paris, wenye walimutoa mu udongo, hawako pale.

Hatusemi kwamba hakustahili. Alistahili. Tunasema kwamba hesabu haijatimia.

Kwa hiyo, wasomaji wetu, siku mutu atasimama mbele ya ekipi na kusema "Siye hatushindwake", tusimukatae upesi, na tusimupigie mikono upesi. Tumuulize mambo tatu. Ya kwanza: wewe utasimama fasi gani, wakati sisi tutakuwa chini? Ya pili: mumoja wetu akipanda na kusema maji imejaa, utamusikiliza, ao utamutupia kitu ku kichwa? Ya tatu: kazi ikiisha, nani atalipwa, na tarehe gani?

Akijibu muzuri zote tatu, tushuke naye, hata kama ni kugumu. Kuko siku zenye "hapana" inahitajika, na jamaa yenye haijui kuikatala kitu haidumu. Lakini kama akijibu ile ya kwanza kwa kutazama pembeni, na ya tatu kwa kucheka, basi tujue kwamba anatafuta tu watu wa pompi.

Na wewe kijana mwenye utashuka leo magaribi: ukiona maji, sema. Hata mara mbili. Hata kama wanakuita muoga.